Nyumba ya Eduvina Inahama

Walifika umande haujakauka,
jozi kumi na mbili za maksai,
kila jozi na mwenyewe wa kuitukana kwa mapenzi.
Huku Chiloé nyumba haibomolewi ikihama.
Huvutwa nzima, na madirisha yake, na masizi yake,
na paka, kama paka amekataa kutoka.
Malipo ni kula mkashiba. Wanaiita minga.

Bahari ilikuwa imekula ua, ikala banda la kuku,
ikabakisha hatua kumi na moja hadi kizingitini.
Nilizihesabu mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa fizikia,
napima hata nisipoombwa.

Tani kumi na tano, nilikisia.
Chini yake magogo mawili marefu
yaliyopakwa mafuta ya nguruwe.
Delfín Chiguay akainua fimbo, akaguta.
Minyororo ikakaza. Kwato zikazama. Shingo zikarefuka.
Nyumba wala haikujua kama ndiyo inayoitwa.

Haya ndiyo ninayoyaandika ubaoni kila Machi:
msuguano wa kitu kilichotulia
ni mkaidi kuliko wa kitu kiendacho.
Na haya: kani bila mwendo haihesabiwi kazi.
Sukuma ukuta mpaka jua lizame, jasho likuoshe,
ukuta usiposogea jibu ni sifuri.
Kila mwaka hakosi mtoto wa kukasirika.
Mwaka jana alikuwa Yasna,
ambaye mama yake husimama palepale
usiku kucha, kiwanda cha samaki.

Mara ya pili. Mara ya tatu mnyororo ukakatika
na vijana wakaketi matopeni wakicheka.

Bibi alikuwa kwenye kiti, pembeni,
mkoba mapajani, kama anayesubiri basi.
Miaka tisa alimwinua babu kitandani,
akamgeuza, akamlaza tena palepale.
Niliwahi, kwa ujuaji wa ujana, kupiga hesabu:
juu shibiri mbili, chini shibiri mbili,
jumla sifuri.
Nikamwambia. Akacheka,
akaniomba nishike miguu.

Mara ya nne nyumba ikalia,
si mlio wa kuvunjika,
mlio wa mtu anayeamshwa.
Ikasogea kiganja. Ikasogea hatua.
Halafu, maadamu imekwisha kukubali,
ikawafuata ng'ombe kama iliyokuwa na hamu siku zote,
pazia la chumba cha juu likipepea,
watu wakikimbia kando yake wakipiga mayowe,
na Delfín, sauti imemkauka, akilitaja kila dume kwa jina.

Magogo yakafuka moshi.
Kijiji kizima kikanuka jiko.
Kumbe ndiko inakoishia, nikawaza,
nguvu yote hii ya ng'ombe na watu:
kidogo imepanda kilima pamoja na nyumba,
iliyobaki ni joto, na joto limeshika njia yake hewani.
Haikupotea hata chembe.
Ila nani ataikusanya?
Na msuguano huohuo niliokuwa nikiulaani tangu asubuhi,
ungetoweka ghafla, kwato zingeteleza kama juu ya sabuni
na maksai wangekwenda mbio bila kwenda popote.
Kinachotuzuia ndicho kinachotupa pa kukanyaga.
Nilitaka kumwambia mtu. Wote walikuwa wanavuta.

Jioni, nyuma ya kanisa, nyumba ikatua.
Chaza wakafukuliwa kwenye shimo la mawe ya moto,
viazi, nyama, mvuke mpaka usoni.
Bibi hakwenda kwenye sahani.
Aliinama kwa taabu chini ya jiko lake,
akalaza kiganja kwenye gogo.

"Njoo. Weka mkono."

Nikaweka. Lilikuwa na joto
la mgongo wa mtu aliyelalia upande mmoja mno,
ambaye umemgeuza sasa hivi.

"Hiyo nayo iandike," akasema,
akaingia ndani kumtafuta paka.